Mahali pa Kukata Neno

Mueni,

Salamu nilizoanza nazo nimezifuta, maana zilikuwa zinauliza hali yako, na hali yako naijua: uko nyumbani Kabiria unabishana na mama yako juu ya sweta. Mimi niko dukani. Niliwaambia kuna kazi ya haraka ya mteja. Hakuna mteja. Nimeteremsha mlango nusu, nimekaa kwenye kiti chako, na barua hii naiandika ndani ya ile programu yako, kwa sababu mwandiko wangu wa mkono wewe mwenyewe ulisema unafanana na siafu waliomwagiwa maji.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri na ya kutafuta kanisa, mama yako ameyamaliza, na shangazi yako wa Kinoo atayarudia asubuhi akija kukuombea. Hayo nayaruka. Mimi nimebaki na lile moja mnalolingojea. Tangu siku ile ulipotuambia mezani kwamba wale watu wa programu wamekupatia kazi Uholanzi, ya kupanga kurasa za vitabu, ukaniangalia na kuniuliza, "Baba, unasemaje?", sijasema kitu. Mama yako ameniambia mara nyingi, "Baba Mueni, si ukate neno, mtoto aende akijua." Sijakata. Kesho unaondoka, na bado nimechanganyikiwa kama mtu aliyeamshwa ghafla kutoka usingizi wa mchana, hajui kama ni asubuhi au jioni.

Nianze na kile ninachokielewa, labda kitanivuta hadi kile nisichokielewa.

Mimi kazi hii nilijifunza kwa taipureta, hapa hapa River Road, kabla hujazaliwa. Taipureta ilikuwa nyoofu. Ukigonga A unaiona A. Ukikaribia mwisho wa mstari kengele inalia, ting, na wewe mwenyewe unaamua: neno hili litaenea, au nilikate? Ukilikata unaweka kistari, unashuka chini, unamalizia. Sikuwahi kukata neno bila kujua kwamba nimelikata. Hilo lishike, nitalirudia.

Halafu wewe ukaja kutoka chuo na kile kifurushi cha programu ya kupanga kurasa kwenye flashi. Jina lake umenitajia mara nyingi. Linaandikwa kwa X mwishoni lakini linatamkwa kana kwamba ni K, na nilipokuuliza sababu ukasema hiyo si X, ni herufi ya Kigiriki. Hapo hapo ningejua kwamba nyumba hii sitaingia vyumba vyake vyote. Ukakiweka kwenye mashine ya dukani, na majina ya mafaili yakaanza kupita kwenye kioo, yanapita tu, nikanywa chai, nikahudumia watu, nikarudi, bado yanapita.

"Hii umeitoa wapi?" nikakuuliza.

"Nimedownload chuo, baba. Usiku mzima."

"Ni ya wizi?"

"Si ya wizi. Ni ya bure."

"Ya bure ya nani?"

"Ya watu."

"Watu gani?"

"Watu tu, baba. Wako kila mahali. Mtu anatengeneza kipande yake, mwingine anatengeneza kipande yake, wanaweka pamoja. Halafu inaingia kwa mashine yoyote, hata hiyo mzee yako hapo chini ya meza."

Mueni, mimi ni mtu wa Nairobi. Katika mji huu hata kumwangalia mtu akifunga kiatu unaweza kuulizwa unataka nini. Rahisi ghali, na cha bure ndio kabisa. Nikakaa nikingoja. Nilijua kuna asubuhi nitafungua mashine nikute maandishi mekundu yakisema muda umekwisha, lipa. Mchana nilikuwa nikipanda ngazi baada ya chakula nikifikiri nitamkuta mtu na mkoba amekaa kwenye benchi la wateja, ndiye mwenye programu. Hata ile taipureta kuukuu sikuitupa, niliiweka tayari kwa siku hiyo. Hakuja mtu. Hilo lilinisumbua kuliko kama angekuja.

Na kuitumia kwenyewe! Unaandika maneno yakiwa uchi, na amri zenye kile kijiti kilichoegemea nyuma, na ukurasa huuoni hadi umalize. Nilikuwa nikitaka kichwa kiende katikati, nabonyeza nafasi, nabonyeza, nabonyeza. Inazimeza zote inaniachia moja. Siku moja nikachapa tangazo la kanisa kuhusu paa, nikaweka alama ya asilimia, na kila kilichoifuata kwenye mstari kikapotea. Nikakupigia simu nikiwa natokwa jasho. Ukacheka. "Baba, hiyo alama inaambia mashine inyamaze mpaka mwisho wa laini. Maneno yako bado yako hapo. Ni vile tu haiyasemi." Nikakwambia hiyo ni kasoro. Ukasema, "Zii, ni muhimu. Kuna vitu mtu anataka kuandika na hataki vitoke." Nilikata simu nikaona umekuwa mtu wa ajabu. Mwezi huu nimekukumbuka kwa neno hilo, kwa sababu mimi nimekuwa nikiishi nyuma ya alama ile. Ninaongea ndani, haitoki.

Lakini nilianza kuipenda, sitadanganya. Kurasa zilikuwa zinatoka kingo zimenyooka pande zote mbili kama Biblia. Na zile herufi zetu za Kikamba, u na i zenye kiwimbi kichwani, ambazo miaka yote nilikuwa nazichora kwa kalamu baada ya kuchapa, moja moja, sasa zinatoka zenyewe. Wateja wakaanza kuniuliza, "Hii ulifanyia wapi?" Nikawa najibu, "Hapa," kwa sauti ya mtu mkubwa. Kiburi kikaniingia.

Ndipo akaja yule mama wa mtaa wa Jamhuri, mjane, na wasifu wa mumewe aliouandika kwa mkono. Wewe ulikuwa chuo kwenye mitihani. Nikamwambia kijitabu cha mazishi nitakipanga mwenyewe. Nikakaa nikakipanga kweli, na kilipotoka kilikuwa kizuri hata nikatamani marehemu angekiona. Nikasoma majina, nikasoma nyimbo, nikahakikisha kila kitu ambacho miaka ya taipureta ilinifundisha kuhakikisha. Mwisho wa mistari sikuangalia. Kwa nini niangalie? Mistari mimi huwa naikata mwenyewe.

Hii hadithi unaijua, lakini hukuwepo, na sijawahi kukusimulia nilivyoiona mimi. Nilipeleka vile vijitabu kanisani, nikakaa benchi la nyuma na boksi la vilivyobaki. Kifungua mimba wa marehemu akasimama kusoma. Kijana mpole, suti imemzidi mabega. Akafika pale anapoeleza kwamba babake hakuwa mtu wa maneno, kwamba siku alipodhulumiwa shamba na ndugu zake, wote wakimtazama, yeye alinyamaza. Sentensi nzuri hiyo, mjane aliiandika vizuri. Ila programu ilikuwa imefika mwisho wa mstari, na mstari ulikuwa wa mwisho kwenye ukurasa. Yule kijana akasoma kwa sauti ya huzuni, kanisa zima limetulia: "Na mbele ya ndugu zake wote, baba alinya…"

Akageuza ukurasa. Karatasi zilikuwa zimeshikana. Akalamba kidole. Akageuza tena.

"…maza," akasema.

Kwanza walicheka vijana wa kwaya. Halafu watu wazima wakaanza kukohoa kile kikohozi cha mtu anayejizuia. Halafu kanisa likaachilia. Yule kijana akawa anatazama karatasi haelewi amesema nini. Mjane alikuwa mbele, mgongo wake ndio niliouona, na mgongo ule haukucheka. Nilitoka na boksi langu kupitia mlango wa pembeni. Sikurudi kumwomba msamaha, na yeye hakurudi dukani. Hadi leo nikiwa na kazi ya kupeleka upande wa Jamhuri napita njia ya mzunguko. Nilipaswa kwenda wiki ile ile. Nilifikiri nikikaa kimya jambo litapoa, na kimya kikalichemsha.

Badala ya kumwendea yeye, nilikungoja wewe.

"Hii programu yako ya bure imenivua nguo kanisani!"

Ukachukua kijitabu, ukasoma, nikaona mdomo wako unapigana na kicheko. Halafu ukahesabu kwa vidole. "A-li-nya-ma-za. Baba, imekata sawa. Hiyo ni silabi. Kiswahili unakata baada ya vokali."

"Sawa kwa nani?"

"Kwa sheria."

"Sheria ilikuwa kanisani? Mimi ndio nilikuwa kanisani!"

"Lakini baba, haikukosea. Si error."

"Chukua kitu yako," nikakwambia, "urudishe kwa wenyewe!"

Nilisema hivyo mbele ya wateja, na ukaondoka bila kuaga. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na mimi wangu umeniponza hadi leo. Kwa sababu wewe ni mtoto wa kufanya unachoambiwa kwa namna ambayo aliyekuambia hakuitarajia. Ulienda kweli kwa wenyewe. Ulikaa kwenye kitanda chako Kabiria ukawaandikia wale watu walio kila mahali, ukawaambia sheria yenu ya kukata Kiswahili ni sahihi na imemwaibisha baba yangu.

Wakajibu. Hicho ndicho nisichokielewa mpaka kesho. Mtu wa huko, na baridi yake, na jina lake la konsonanti tupu, akaacha kazi zake akajibu barua kuhusu mazishi ya Jamhuri. Siku chache baadaye ukarudi dukani ukasimama pale mlangoni.

"Baba, wanasema unaweza kuipatia maneno isikate pahali fulani. Lakini wao hawajui Kiswahili. Nani anajua maneno gani yanaaibisha?"

Nilikuwa bado nimenuna. Lakini swali lenyewe, Mueni, lilinifaa mimi tu. Nani mwingine amekata maneno ya watu kwa mkono miaka yote hiyo? "Mimi," nikasema.

Zile alasiri zilizofuata, wateja wakipungua, tukikaa hapa hapa tunatafuta maneno, sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Alinyanyua, nikasema, hilo nalo ni jambazi lile lile. Ukaandika. Ukapendekeza lingine, nikapendekeza lingine. Tulipofika kwenye neno "kumaliza", ukanitazama, mimi nikatazama dirishani, ukaandika bila sisi kulijadili. Tulicheka hadi fundi wa saa wa mlango wa pili akaja kuuliza kuna nini. Na wale watu wakayapokea maneno yetu, wakatuma shukrani, na kuna mmoja akaandika "na kwa mzee pia". Mzee ni mimi. Sikulipwa, sikulipa. Nilikaa na hilo neno "pia" siku nzima nisijue niliweke wapi.

Ukaanza kuwatengenezea hiki na kile. Nilikuona umeinamia ile kompyuta yako nikadhani ni mchezo, utaisha. Kumbe wao walikuwa wanakuona. Halafu ile siku mezani ukasema Uholanzi.

Sasa nikuambie nilichofikiri, hata kama ni cha upumbavu. Nilifikiri: amekuja. Yule mtu na mkoba niliyemngoja kwenye benchi, mwenye programu, amekuja hatimaye, na anachodai si pesa. Si nilisema hakuna cha bure? Na mlango nilimfungulia mwenyewe. Kama ningeangalia mwisho wa mistari siku ile, nisingeaibika. Kama nisingeaibika, nisingefoka. Kama nisingefoka, usingewaandikia, na leo ungekuwa unapanda ngazi hizi na chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti. Kila nikijaribu kujua kama niushukuru ule mstari au niulaani, nageuka. Asubuhi naushukuru. Mchana naulaani. Jioni hii sijui.

Ndiyo maana nilinyamaza. Si hasira, mwanangu. Mama yako anadhani ni hasira.

Kuna jambo lingine. Mimi nilipotoka nyumbani Masii kuja huku, baba yangu alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Nikasimama mbele yake na begi. Aliinua macho akasema, "Ukienda, umeenda," akarudi kwenye mpini. Maneno mawili. Nimeyachunguza miaka yote hii na sijapata kosa ndani yake. Ni kweli, mtu akienda ameenda. Ni sahihi kama silabi. Lakini yaliniingia vibaya, na nilikaa mjini muda mrefu bila kurudi, nikiamini amenifukuza. Alipougua nikarudi, ndipo nyanya yako akaniambia kwamba siku ile, baada ya mimi kupotea kwenye kona, mzee aliuacha mpini pale chini hakuushika tena hadi kesho yake. Labda alikuwa na neno refu zaidi, akalikata katikati. Sikumuuliza. Alikuwa hawezi tena kuongea.

Kwa hivyo nilipoona ni zamu yangu, niliogopa kukata vibaya. Nikasema afadhali ninyamaze kuliko niseme kitu sahihi kikukae kama kilivyonikaa. Nilidhani nimejifunza kutoka kwa baba. Leo mchana nikiwa napanga kijitabu kingine cha watu, nimefika mwisho wa ukurasa, nikaangalia mstari wa mwisho kama ninavyofanya sasa kila mara, na nikashtuka. Kwani kunyamaza kwangu ni nini, Mueni? Uliniuliza swali, na mimi nikakuachia nusu ya neno pembeni mwa ukurasa, na mwezi mzima umesimama pale kama yule kijana wa Jamhuri, unalamba kidole, karatasi zimeshikana. Watu wa nyumba hii wameisoma ile nusu kila mmoja alivyotaka. Mama yako ameisoma hasira. Wewe sijui umeisoma nini. Juzi nilikusikia ukimwambia shangazi yako kwa simu, "Baba hataki, ni vile tu hasemi," nikasimama pale koridoni hadi ukakata simu.

Basi niugeuze ukurasa. Sitaki uende. Nakubali uende. Hizo ni sentensi mbili, zote ni zangu, usiisome moja ukaacha nyingine. Nitakukosa dukani hadi nitakosa adabu kwa wateja. Najivunia wewe kiasi kwamba nimemwambia hata fundi wa saa, na yule hanisikilizi. Wale watu siwaelewi, na kwa nini wanatoa kazi yao bure sitaelewa, lakini nimekaa nikifikiri kwamba hakuna aliyekuja na mkoba. Hakuna anayekuchukua. Ni wewe unayekwenda, kwa miguu yako, kwa kitu tulichokitengeneza sisi wawili kwenye meza hii yenye alama za chai.

Ushauri sina mwingi. Ukikosea watu, nenda wiki hiyo hiyo, usipite njia ya mzunguko. Na ukiambiwa umefanya sawa, uliza sawa kwa nani. Jumamosi, nikishakusindikiza uwanja wa ndege, nitakwenda Jamhuri kwa yule mama. Sijui nitamwambia nini. Nitaanza tu, na nitamalizia neno.

Barua hii nitaichapisha nikuwekee kwenye begi. Lakini faili lenyewe nalo nitakutumia, na nataka ulifungue ukifika, kwa sababu kuna kitu karatasi haitakuonyesha. Unakumbuka kile kiwimbi ulichonifundisha mwanzoni kabisa? Si kile cha kichwani mwa u, hiki kinachosimama peke yake katikati ya maneno mawili. Nilikuuliza kazi yake, maana nilichapisha na sikuona kitu, nafasi tu ya kawaida. Ukasema, "Ndiyo kazi yake, baba. Hakionekani. Kinafunga haya maneno mawili, mstari ukiisha yasiachane. Moja ikiruka, zote zinaruka." Nilisema wakati ule kwamba ni kazi bure, alama isiyoonekana.

Kwenye karatasi utaona nafasi. Fungua faili.

Nenda~Mueni,
Baba~yako